Jinsi ya kumsoma Newman kupitia barua zake

John Henry Newman alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801, akafariki Birmingham tarehe 11 Agosti 1890, na barua zake zilizosalimika ni takribani 20,000. Wengi wetu tulikuwa tukimsikia kwa jina tu, hadi Papa Fransisko alipomtangaza mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019 na Papa Leo XIV alipomtangaza Mwalimu wa Kanisa tarehe 1 Novemba 2025. Tangu hapo wasomaji wengi wamekimbilia vitabu vyake vikubwa na kukwama kurasa za mwanzo. Nusu ya hoja zake humjibu mtu fulani, na msomaji hajui ni nani wala alisema nini.

Barua zinamaliza tatizo hilo. Ndani yake unamkuta mtu akihangaika, akibembeleza, akikasirika, akiomba vitabu, akiuliza hali ya mgonjwa. Mwenyewe aliamini hivyo. Mwaka 1863 alimwandikia dada yake Jemima kwamba maisha ya kweli ya mtu yamo katika barua zake, kwa kuwa waandishi wa wasifu hupaka rangi na kubuni nia za watu, lakini barua za wakati uleule ni ushahidi wenyewe. Mwongozo huu ni kwa mseminari, katekista, mwalimu wa dini, au yeyote anayesoma Kiingereza kiasi na anataka kumjua mtu huyu kwa jioni chache kila wiki.

Hatua ya 1: Andika uti wa mgongo wa tarehe

Chukua karatasi moja, moja tu, uandike miaka ifuatayo kabla hujafungua barua yoyote. 1816: benki ya baba yake inaanguka, naye akiwa na miaka 15 anapata uongofu wake wa kwanza wa moyo. 1822: anachaguliwa kuwa mmoja wa wanazuoni wa Chuo cha Oriel, Oxford. 1825: anapewa upadre wa Kianglikana. 1828: anakuwa paroko wa kanisa la Mtakatifu Maria, kanisa la chuo kikuu, Januari ya mwaka huohuo mdogo wake wa mwisho, Mary, anafariki akiwa na miaka 19. 1833: anaugua nusura afe huko Sicilia, anarudi nyumbani, na vuguvugu la Oxford, la kuurudisha Uanglikana kwenye mapokeo ya Kanisa la kale, linaanza. 1841: kijitabu chake, cha 90 katika mfululizo wa vuguvugu hilo, kinaleta kishindo. 1843: anaacha uparoko. 1845: anaingia Kanisa Katoliki. 1847: anapewa upadre Roma. 1848: anaanzisha nchini Uingereza Oratori ya Mtakatifu Filipo Neri, yaani jumuiya ya mapadre wanaoishi pamoja. 1854 hadi 1858: ni mkuu wa Chuo Kikuu Katoliki cha Dublin. 1864: anaandika Apologia, kitabu cha kuitetea safari yake ya imani. 1870: Mtaguso wa Vatikano wa Kwanza unatangaza fundisho la kutokosea kwa Papa. 1879: Papa Leo XIII anamfanya kardinali.

Acha nafasi kubwa kati ya 1841 na 1845, na kati ya 1859 na 1864. Huko ndiko utakakoandika zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta maandishi kamili

Mkusanyiko mkuu wa barua zake una vitabu 32. Padre Charles Stephen Dessain wa Oratori ya Birmingham ndiye aliyeuanzisha, na cha kwanza kutoka, mwaka 1961, kilikuwa kitabu cha 11. Alianzia Oktoba 1845, mwezi wa kuongoka kwa Newman. Miaka ya Kianglikana, kitabu cha 1 hadi cha 10, ilikuja baadaye, na cha 32 kilitoka mwaka 2008. Kwa hiyo ukikuta maktaba ya seminari kuu ina vitabu vichache tu, usishangae namba zake kuanzia 11.

Kama huna maktaba karibu, kuna njia ya bure. Anne Mozley, wifi wa dada zake Newman, alichapa mwaka 1891 vitabu viwili vya barua za kipindi cha Kianglikana, na Wilfrid Ward akatoa mwaka 1912 wasifu wa vitabu viwili uliojaa barua. Vyote vimeshatoka katika hakimiliki na vinapatikana kwenye intaneti, vizima, bila malipo. Vipakue kwenye simu siku yenye mtandao mzuri. Mozley ana kasoro moja ya kukumbuka: alichagua na kukata, na Newman mwenyewe ndiye aliyemwachia kazi hiyo, kwa hiyo unachosoma ni barua zilizopita chekecheni. Hata hivyo ni mwanzo mzuri.

Jiepushe na kurasa zinazotoa sentensi mojamoja juu ya picha ya machweo. Nitarudi huko.

Hatua ya 3: Fahamu posta ya wakati ule

Hatua hii ni fupi lakini itakuokoa. Kabla ya Januari 1840, Uingereza ilitoza barua kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyeipokea ndiye aliyelipa. Bahasha ilihesabiwa kama karatasi nyingine, kwa hiyo watu walikunja karatasi yenyewe na kuifunga kwa lakiri. Wengine walijaza ukurasa, wakaugeuza, wakaandika tena mistari ikikatiza ile ya kwanza. Kuanzia 1840 barua nyepesi ilikwenda popote nchini kwa peni moja. Ndiyo maana Newman wa miaka ya 1830 anabana mambo mengi katika barua moja ndefu, na Newman wa baadaye hutuma vikaratasi vya mistari mitano kujibu jambo dogo. Usidhani amebadilika tabia.

Jambo la pili: Newman alikuwa mtunzaji. Alitunza rasimu, alitunza barua alizopokea, aliomba marafiki wamrudishie zake, na uzeeni alikaa kuzipanga, kuzinakili na kuziwekea maelezo. Hivyo katika mkusanyiko mkuu utakuta rasimu, nakala na barua iliyotumwa kweli. Angalia daima ni ipi kati ya hizo unayosoma. Mfano wake uko katika hatua ya 6.

Hatua ya 4: Anzia mwaka 1845

Usianzie utotoni. Anzia Machi 1845, uende hadi Februari 1846, na usome polepole kuliko sehemu nyingine yoyote. Hapa ndipo mtu mzima anaonekana.

Kwanza elewa alichokuwa anapoteza. Oxford ya wakati ule ilidai waliomo wakiri Makala 39, yaani kanuni za imani za Kanisa la Uingereza. Mkatoliki hakuwa na mahali pale. Cheo chake cha Oriel kilikuwa kimempa chumba, meza na heshima tangu 1822. Wakatoliki wa Uingereza, kwa upande mwingine, walikuwa kundi dogo asilolijua kabisa, na katika taifa zima walitazamwa kwa shaka.

Jemima alimwandikia mapema mwaka huo akimsihi asiende. Jibu la Newman, la tarehe 15 Machi 1845, ndilo ninalomshauri kila msomaji mpya alisome kabla ya ukurasa wowote wa theolojia. Anamwambia kwamba ana jina zuri kwa wengi na analitoa sadaka kwa makusudi. Ana jina baya kwa wengi zaidi na anawatimizia matakwa yao mabaya kabisa. Anasema anawaumiza wote anaowapenda na kuwayumbisha wote aliowafundisha. Kisha: “Ninakwenda kwa watu nisiowajua, ambao ninatarajia machache sana kutoka kwao. Ninajifanya mtu wa kutengwa, na hilo katika umri wangu.” Anamaliza kwa kumuuliza dada yake ni nini kinachoweza kuleta jambo kama hilo isipokuwa ulazima mkali usioepukika.

Alikuwa na miaka 44. Soma barua hiyo mara ya pili ukijiweka mahali pa Jemima, aliyempenda na asiyekubaliana naye. Hapo utaelewa kwa nini nasema barua huandikwa na watu wawili, hata kama mkono ulioshika kalamu ni mmoja.

Ruka sasa hadi Oktoba. Tarehe 3 anamwandikia Hawkins, mkuu wa Oriel, kujiuzulu. Tarehe 8, akiwa Littlemore, kijiji kilicho nje kidogo ya Oxford alikokuwa akiishi na vijana wachache kwa sala na kusoma, anaandika barua nyingi zinazofanana kwa marafiki. Anasema usiku huo anamsubiri Padre Dominic, Mpasionisti, yaani mtawa wa Shirika la Mateso, mtu ambaye tangu ujana wake alivutwa kuzifikiria nchi za kaskazini na hasa Uingereza, akangoja karibu miaka 30 kabla ya kutumwa huko bila yeye mwenyewe kupanga. Anasema padre huyo hajui nia yake, ila atamwomba amwingize katika zizi moja la Kristo. Kisha anaongeza kwamba barua haitatumwa mpaka mambo yawe yamekwisha, na haihitaji jibu.

Tua hapo. Barua haitatumwa mpaka mambo yawe yamekwisha. Hakutaka mtu amzuie, wala hakutaka wampendao wasikie habari kwa wapita njia. Padre Dominic Barberi alifika usiku ule akiwa ameloa mvua ya safari, na kesho yake, tarehe 9 Oktoba, Newman akapokelewa. Ndiyo tarehe ya kumbukumbu yake katika Kanisa.

Katika daftari lako andika majina ya walioandikiwa tarehe 7, 8 na 9, kisha utafute nani alijibu, lini, na nani alinyamaza. Kimya cha mwandikiwa nacho ni habari. Harriett, dada yake mkubwa kati ya wasichana, alikuwa amejitenga naye kwa sababu ya mwelekeo wake wa Kikatoliki, akafariki mwaka 1852 bila wawili hao kupatana. Edward Pusey na John Keble, ndugu zake wa vuguvugu la Oxford, walibaki Waanglikana, na miaka ikapita bila kuonana. Walikutana watatu tena kwa Keble, Hursley, tarehe 12 Septemba 1865, wote wakiwa wazee. Barua anazoeleza mkutano huo zitafute ukishamaliza za 1845, siyo kabla.

Hatua ya 5: Mfuate mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho

Ukishajua 1845, acha kusoma ukurasa kwa ukurasa. Vitabu vya mkusanyiko mkuu vina orodha za waandikiwa mwishoni. Chagua jina moja ulifuate miaka na miaka, kwa sababu Newman hakusema na kila mtu kwa sauti moja.

Mimi ningekuelekeza kwa William Froude. Alikuwa mhandisi, bingwa wa mwendo wa meli majini, mdogo wa Hurrell Froude aliyekuwa rafiki wa karibu wa Newman ujanani. Mke wake Catherine na watoto wao kadhaa waliingia Ukatoliki, yeye hakuingia. Aliamini kwamba hakuna hitimisho ambalo mtu mwaminifu anaruhusiwa kulishika bila kubakiza shaka. Newman aliona kwamba hiyo si namna binadamu anavyojua mambo mazito ya maisha. Wakabishana kwa barua kwa miaka mingi, kwa heshima, bila mmoja kumdharau mwenzake, na kutoka katika ubishi huo kilikomaa kitabu cha Newman cha 1870 kuhusu namna akili inavyokubali ukweli. Ukisoma kitabu hicho peke yake utakiona kigumu kama gogo. Ukikisoma baada ya barua kwa Froude, unamwona mtu anayezungumziwa. Mwaka 1879, akiwa Roma kupokea ukardinali, Newman alikuwa bado anamwandikia. Froude alifariki tarehe 4 Mei mwaka huo huko Simon's Town, Afrika Kusini, kabla barua hiyo haijamfikia.

Wengine wa kufuata: Ambrose St John, mwenzake wa nyumba moja kwa zaidi ya miaka 30, Henry Wilberforce, Emily Bowles, ambaye Newman alimfungulia moyo kuhusu uchungu wake na wakubwa wa Kanisa, na Askofu Ullathorne wa Birmingham, aliyemwelewa polepole lakini kwa dhati.

Ukitaka kuona ukali wake, tafuta barua ya tarehe 25 Julai 1864 kwa Monsinyori George Talbot, Mwingereza aliyemtumikia Papa huko Roma. Talbot alimwalika ahubiri Kwaresima Roma, akamwahidi wasikilizaji Waprotestanti walioelimika kuliko ambavyo angeweza kuwapata Uingereza. Newman alijibu kwa sentensi chache kwamba watu wa Birmingham nao wana roho, kwamba yeye hana hamu wala kipaji cha kazi hiyo, na kwamba anaomba kuikataa. Basi. Watu hao wa Birmingham walikuwa kwa sehemu kubwa maskini wa viwandani. Barua hii inamtetea kuliko kurasa mia za sifa.

Hatua ya 6: Tenga faragha, gazeti, kitabu na shajara

Hapa ndipo wengi hupotea, hata wasomi. Kalamu ya Newman ilitoa aina nne za maandishi yanayofanana kwa sura.

Fanya zoezi hili. Tafuta barua yake ya Juni 1862 kwa gazeti la Globe. Kulikuwa na uvumi kwamba anarudi Uanglikana. Anaukana kwa moto: wazo la ibada ya Kianglikana linamtetemesha, na angekuwa mpumbavu kamili kama uzeeni angeiacha nchi itiririkayo maziwa na asali na kurudi kwenye nyumba ya utumwa. Kisha fungua shajara yake ya faragha ya Januari 1863, miezi saba tu baadaye. Humo anaandika kwamba alipokuwa Mprotestanti aliiona dini yake kuwa kavu lakini siyo maisha yake. Sasa akiwa Mkatoliki, maisha yake ni makavu lakini siyo dini yake.

Anayetaka kumpinga hunukuu nusu ya shajara. Anayetaka kumtetea hunukuu barua ya Globe peke yake. Weka zote mbili meza moja. Hazigongani hata kidogo: imani haikutikisika, ila mtu alikuwa amechoka, ametiliwa shaka na wakubwa, na miradi yake imekwama mmoja baada ya mwingine. Nampenda zaidi kwa sababu ya shajara ile.

Mfano wa rasimu niliokuahidi ni huu. Januari 1870, mtaguso ukiendelea Roma, alimwandikia Askofu Ullathorne kwa siri akiwalalamikia waliokuwa wakisukuma fundisho la kutokosea, akawaita kundi lenye ufidhuli na uchokozi. Nakala zikavuja, habari ikafika magazetini. Newman alikana kuyatumia maneno hayo, kwa kuwa hakuyaona katika rasimu yake. Alipoitazama tena vizuri akayakuta, akaandika tena gazetini kukiri. Kumbuka hilo kila unapotaka kujenga hoja juu ya rasimu.

Katika kundi hilo la kusukuma alikuwamo Askofu Mkuu Manning, naye mwongofu kutoka Uanglikana, na Herbert Vaughan, mwanzilishi wa wamisionari wa Mill Hill mwaka 1866. Ndio hao waliofika Uganda mwaka 1895 na kuieneza imani pia magharibi mwa Kenya. Nimelitaja kwa sababu msomaji wa Kampala au Kakamega anaweza kudhani ugomvi ule wa Uingereza haukumgusa. Mapadre waliobatiza babu zake walitoka katika nyumba iliyoanzishwa na mmoja wa wahusika.

Aina ya nne ni kitabu chenye jina la barua. Barua kwa Mtawala wa Norfolk, iliyotoka Januari 1875, ni kijitabu kizima cha kumjibu Gladstone, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, aliyekuwa amedai kwamba Wakatoliki hawawezi kuwa raia waaminifu. Humo mna sentensi maarufu kwamba akilazimika kunyanyua glasi baada ya chakula, atainyanyua kwa ajili ya Papa, lakini dhamiri kwanza. Sentensi hiyo hunukuliwa kana kwamba dhamiri ni mtu kufanya apendavyo. Soma sura nzima ya dhamiri: maana hiyo ndiyo hasa anayoikataa, na dhamiri kwake ni sauti ya Mungu inayomwamuru mtu.

Hatua ya 7: Sasa fungua Apologia

Januari 1864 Charles Kingsley, mchungaji Mwanglikana na mwandishi wa riwaya, aliandika katika jarida moja kwamba kwa mapadre wa Roma ukweli haujawahi kuwa fadhila, akamtaja Newman kwa jina. Newman alijibu kwa sehemu zilizotoka kila wiki, kuanzia Aprili hadi Juni. Aliandika saa nyingi mfululizo, mara nyingine akilia, na aliwaandikia marafiki wa zamani wa Oxford, akina Keble na Richard Church, ambao hakuwa karibu nao kwa miaka, akiwaomba barua zake za zamani na kuwapa sura wazikague.

Kwa hiyo ukiisoma sasa, ukiwa umeshapitia barua za 1841 hadi 1845, utatambua vipande. Weka alama pembeni kila anaponukuu barua, kisha uende kuitazama ilivyokuwa nzima. Mara nyingi utaona amefupisha. Katika Apologia mwendo wa kutoka Oxford hadi Roma unaonekana umenyooka; katika barua ni safari ya mtu asiyejua kesho, anayeahirisha, anayeomba miaka mingine miwili ya kufikiri ili asije akadanganywa na nafsi yake. Vyote viwili ni vya kweli. Lakini kwa mtu anayehangaika na uamuzi mzito leo, barua zitamfaa zaidi.

Hatua ya 8: Nukuu kwa uaminifu

Kila unapotoa neno lake katika mahubiri, insha au kundi la WhatsApp la jumuiya, taja mambo manne: tarehe, mahali alipokuwa, aliyeandikiwa, na kama ni barua ya faragha, ya gazeti, kitabu au shajara. Ukikosa tarehe, usitumie. Sentensi ya Newman wa 1838 ni ya Mwanglikana aliyeamini kuwa Kanisa lake linashika njia ya kati baina ya Roma na Uprotestanti; huwezi kuibandika kinywani mwa kardinali wa 1879, wala kinyume chake.

Ukisoma na wenzako, gawaneni sauti. Mmoja asome barua ya Machi 1845, mwingine atafute maneno ya Jemima yaliyoitangulia na yaliyoifuata, wa tatu ashike karatasi ya tarehe ya hatua ya kwanza na kukatiza kila mtu anapomhukumu Newman kwa jambo ambalo siku hiyo lilikuwa bado halijatokea. Barua tatu kwa kikao zinatosha, na kikao cha kwanza baada ya 1845 kiwe cha Froude.